Maji ya Usangu, Matope ya Rufiji

Nikimpigia simu mjomba wangu wa Rufiji, swali lake la kwanza nalijua. Nitamwamkia, ataitikia marahaba, na kabla hajauliza habari za watoto atasema: "Enhe, huko juu mvua imenyesha?"

Mimi naishi Ubaruku, wilayani Mbarali, kwenye bonde la Usangu. Nanunua mpunga kwa wakulima, nakoboa, nauza mchele. Yeye analima na kuvua upande wa chini kabisa wa maji hayahaya, karibu na yanapoanza kugawanyika kuingia kwenye delta. Kati yetu kuna mamia ya kilomita, hifadhi mbili za taifa na mabwawa matatu ya umeme. Kwa mjomba kote huko ni "juu" tu. Mvua ya Mbeya ni ya juu, ya Njombe ni ya juu, ya Mahenge ni ya juu. Na hakosei. Bonde la Rufiji limebeba karibu moja ya tano ya Tanzania Bara, na tone lolote linaloanguka humo, lisipokauka au kunywewa njiani, mwisho wake ni mbele ya shamba lake.

Nimekuwa nikitaka kuandika habari za mto huu kwa miaka, na kila nikianza najikuta nina pande mbili za kutetea. Nilizaliwa chini, nakula juu. Kila serikali inapotangaza mpango wa kuokoa Ruaha Mkuu, mto unaoyatoa maji ya Usangu kuyapeleka Rufiji, na imetangaza mara nyingi, moyo wangu mmoja unashangilia na mwingine unauliza safari hii ataondolewa nani.

Nianze na chini. Nilikulia kwenye mafuriko. Kwa wasiotujua neno hilo ni la maafa, na kweli yapo mafuriko ya maafa, lakini wazee wetu walijua kuyatofautisha. Mpunga ulipandwa mvua zinapoanza ili maji yakifika uwe umeshasimama. Yakipanda taratibu, mpunga ulipanda nayo. Yakishuka, kuanzia Mei hivi, yaliacha matope meusi, laini kama uji, na juu ya matope hayo tulipanda mlao: mahindi, kunde, maboga. Hatukusubiri mvua. Unyevu wa ardhini ulitufikisha kwenye mavuno. Maziwa ya pembeni kama Ruwe na Zumbi nayo yalingoja maji hayohayo yaingie na samaki wapya. Mwaka wa kuogopwa ulikuwa ule ambao mto haukutoka kwenye kingo zake.

Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali iliwahamisha watu wa bondeni kwenda nchi kavu, kwenye vijiji vipya. Ndiyo iliyoitwa Operesheni Rufiji. Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Nyumba yake ikaenda juu, shamba lake likabaki chini. Kila msimu alishuka na sufuria, mkeka na mjukuu mmoja, akalala miezi kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, akiwafukuza nguruwe na viboko usiku kwa kupiga debe. Aliyepanga ile operesheni alifikiri amemwokoa bibi na mto. Bibi alikuwa anauhitaji mto, basi akaufuata.

Nasimulia haya ili ieleweke nilivyoshtuka nilipoolewa Usangu mwaka 2003 nikakuta watu wanauzungumzia mto kama kitu kinachoweza kwisha.

Mwaka wa pili, mwezi wa Novemba, kikundi chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa kilikodi basi dogo kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tulizunguka kwa barabara ya Iringa, tukafika tukiwa tumechoka na vumbi. Dereva akatuteremsha ukingoni akasema, haya, mto ndio huu. Ulikuwa mchanga. Mchanga mweupe, mpana, unaounguza macho, na katikati yake dimbwi moja la tope. Ndani ya dimbwi viboko walikuwa wamelaliana kiasi kwamba huwezi kujua mgongo huu ni wa kichwa kipi. Nilihesabu hadi thelathini nikaacha. Ngozi zao zilikuwa zimepasuka. Mbele kidogo tembo jike alikuwa anachimba mchanga kwa mguu wa mbele, pole pole, kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka. Akimaliza anaingiza mkonga kwenye shimo, anatulia, anangoja maji yajikusanye, anakunywa. Mtoto wake alisimama pembeni akingoja zamu. Mama mmoja wa kikundi, mkulima mwenye majaruba mengi kuliko sisi sote, akasema kwa sauti ya chini: "Maji yao tunayo sisi." Hakuna aliyemjibu. Tulirudi kimya.

Mto huo haukuwa na desturi ya kukauka. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulipita katika hifadhi mwaka mzima. Kuanzia mwisho wa 1993 ukaanza kusimama kila kiangazi, kwanza kwa majuma machache, baadaye miezi miwili, mitatu.

Sababu yake inaeleweka ukiijua Ihefu. Mito yetu yote ya Usangu, Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na mingine midogo, inashuka kutoka nyanda za juu na kumwaga kwenye tambarare, kisha inakusanyika kwenye ardhioevu ya Ihefu. Huko maji yanatanda, yanapoa, yanakuwa majani na kambale na ndege. Mwisho wa Ihefu kuna mahali panaitwa Ng'iriama, na pale kuna kizingiti cha mwamba. Maji hayana njia nyingine ya kutoka ila kupanda juu ya mwamba ule. Ihefu ni kama beseni lenye mdomo upande mmoja: ukimimina kidogo, jua linakunywa, mdomo haumwagi chochote. Watafiti walipiga hesabu kwamba ili nusu mita ya ujazo ya maji kwa sekunde itoke Ng'iriama wakati wa kiangazi, mita za ujazo kama 7 kwa sekunde lazima ziwe zinaingia Ihefu. Nilipoisikia hesabu hiyo mara ya kwanza nilidhani mtu amekosea. Hajakosea. Ndiyo maana kosa dogo tu huku kwetu, mfereji mmoja mkubwa ulioachwa wazi mwezi wa Septemba, kule hifadhini linakuwa mchanga mtupu.

Machi 2001, akiwa London kwenye maandalizi ya mkutano mkuu wa dunia wa mazingira, Waziri Mkuu wa wakati huo Frederick Sumaye aliahidi kwamba Tanzania itaurudishia Ruaha Mkuu mtiririko wa mwaka mzima ifikapo 2010. Ni ahadi kubwa, na mimi sijawahi kuidharau. Serikali chache zinasimama mbele ya watu na kutaja mto mmoja na mwaka mmoja. 2010 ilifika, ikapita, na mto uliendelea kukauka.

Kinachoniumiza ni kwamba wakati ahadi inatolewa, majibu yalikuwa yameanza kupatikana. Tangu 1998 kulikuwa na mradi wa utafiti wa Usangu, uliofahamika kwa kifupi kama SMUWC, ulioendeshwa kwa msaada wa Uingereza. Walipima mito, mvua, mifereji, miti na mifugo. Wakati huo kila mtu mjini alikuwa na hakika kwamba aliyekausha mto ni mfugaji na mkata miti. Waliopima wakakuta vinginevyo: chanzo kikuu ni maji yanayochepushwa kwenda mashambani wakati wa kiangazi. Hata lawama ya mgawo wa umeme haikukaa sawa, kwa sababu bwawa la Mtera hujazwa na maji mengi ya msimu wa mvua. Vijito vya Oktoba si vya kujaza bwawa. Lakini umeme ukikatika Dar es Salaam, ni rahisi kumnyooshea kidole mtu mwenye fimbo na ng'ombe mia mbili.

Basi mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa Usangu.

Nilikuwepo. Mzee mmoja wa Kisukuma aliyekuwa akitupitishia maziwa kila asubuhi alikuja jioni moja bila baiskeli yake, akaniomba nimtafutie mteja wa madume matatu. Bei aliyotaja ilikuwa ya mbuzi. Nikamwambia, baba, ngoja wiki moja upate mnunuzi wa maana. Akaniambia, mwanangu, wiki hiyo sina. Alikuwa amepewa siku. Yaliyotokea kwenye ukaguzi wa mifugo njiani, faini zilivyotozwa na ni nani aliyezitoza, nimeyasikia kwa watu wengi na siwezi kuyathibitisha yote, kwa hiyo nitasimama kwenye lile nililoliona: mzee aliyeuza nusu ya maisha yake kwa siku mbili na kuondoka kwa miguu nyuma ya iliyobaki. Mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, nayo ikafikia zaidi ya kilomita za mraba 20,000.

Mwaka uliofuata nikaenda Rufiji msibani. Baada ya matanga mjomba alinichukua hadi shambani kwake, bondeni, akaniinamisha chini nione. Mlao wake ulikuwa umelala. Kwenye matope kulikuwa na alama za kwato, nyingi, zimejaa maji, na ndani ya kila kwato mche wa hindi uliokanyagwa. "Ng'ombe," akasema, kama mtu anayetaja mnyama wa kwenye hadithi. Sisi Warufiji hatukuwa watu wa ng'ombe, mbung'o hakuturuhusu. Hatukuwa na njia za mifugo, wala majosho, wala desturi ya kuamua ugomvi wa jirani anayelima na jirani anayechunga. Akaniuliza wametoka wapi. Nikamwambia, mjomba, wametoka kwetu.

Alinitazama kwa muda mrefu. Kwake "kwetu" maana yake ni Rufiji. Ilibidi nimweleze kwamba wamefukuzwa Usangu ili maji yamfikie yeye.

Wengine walikwenda Lindi, wengine Kilombero, na kutoka Kilombero nako baadhi waliondolewa tena miaka michache baadaye. Bonde ni moja. Aliyesukumwa kutoka kona moja ya bonde anaangukia kona nyingine ya bonde hilohilo, akiwa maskini zaidi na mwenye hasira zaidi. Na Ruaha, baada ya yote hayo, ulikauka kiangazi kilichofuata na vilivyofuata.

Sasa nizungumzie mabanio, vile vizuizi vya mtoni vinavyogeuza maji yaingie mferejini, kwa sababu naamini mambo yako pale, na kwa sababu ndiyo kazi ninayoiona kila siku.

Banio la zamani mkulima alilijenga mwenyewe na wenzake. Nguzo za miti mtoni, matawi, mawe, majani na udongo wa kuziba. Lilikuwa kazi ya kila mwaka, maana masika yalilibeba. Na lilivuja. Hata ungekazana vipi, nusu ya mto ilipenya katikati ya miti ikaenda zake chini. Huo uvujaji tuliuona kasoro. Zikaja programu za kuboresha umwagiliaji, serikali na wafadhili, wakajenga mabanio ya zege yenye lango la chuma. Kwa mkulima wa mbele ilikuwa neema: hakuna kukata miti tena, hakuna kuingia mtoni kwenye maji ya baridi mwezi wa Desemba. Lakini zege halivuji. Mwezi wa Oktoba, mto ukiwa mwembamba, banio la zege linaweza kuugeuza wote ukaingia mferejini, na chini yake pakabaki mawe. Tuliita kuboresha, na kwa kipimo cha mpunga kweli tuliboresha. Aliyevujiwa zamani hakuwepo kwenye kikao.

Kiangazi kimoja niliamua kufuata mfereji wetu hadi mwisho wake. Ilikuwa Septemba, mpunga umeshavunwa zamani, magunia yangu ya lumbesa yako ghalani. Hakuna mche hata mmoja shambani. Mfereji ulikuwa umejaa. Nikapita kandokando yake saa nzima nikiangalia maji yanavyoingia kwenye majaruba yenye mabua makavu, yanatoka upande wa pili, yanakatisha barabara, yanatengeneza bwawa la bata na watoto, yanaishia kwenye magugu. Maji safi, ya baridi, kutoka milimani, yanazurura. Nikarudi hadi langoni. Usukani wa chuma ulikuwa na kutu kwenye mkono, lakini katikati, pale pa kushikia, uling'aa kwa kushikwa. Kwa hiyo lilikuwa linafunguka na kufungwa, lingeweza kufungwa siku ile ile.

Nikamuuliza mwanamke niliyemkuta anafua pale kwa nini hawalifungi. Alinijibu bila hasira. "Dada, tukilifunga, mimi nitachota wapi?"

Nimelirudia jibu hilo kichwani kwa miaka. Kijiji chake hakikuwa na bomba wala kisima kinachofanya kazi. Mfereji wa kumwagilia ndio uliokuwa bomba lake: hapo anafua, anachota ya kupikia, ananywesha mbuzi. Ili ndoo zake kumi zimfikie, mto mzima ulilazimika kuachwa utembee kilomita kadhaa kwenye udongo mkavu unaofyonza na jua linalokausha. Watafiti waliofanya kazi Usangu miaka ya 2000 waliliona hili na kulisema wazi: kisima kizuri kwa kijiji kinaweza kufunga lango la mfereji kwa miezi mitatu. Ukilinganisha gharama ya visima na gharama ya operesheni moja ya kuhamisha watu, na magari, na mafuta, na kesi zinazofuata, hesabu haihitaji mtaalamu. Lakini kisima hakizinduliwi kwa jina la kuokoa Ruaha. Kisima ni cha idara nyingine.

Mkulima mwingine, huyu wa juu kidogo, nilimuuliza swali hilohilo. Yeye alisema, "Nikifunga leo, kesho nitafungua kwa ruhusa ya nani?" Huyo hakuwa na shida ya ndoo. Alikuwa na hofu ya zamu. Aliyeshika maji, amezoea kuyashika hata asipoyahitaji, kwa sababu hajui kama akiyaachia atarudishiwa.

Hofu hiyo niliiona imewekwa mezani mara moja tu, kwenye ofisi ya kijiji, tulipochezeshwa mchezo wa bonde la mto. Ulibuniwa hapahapa Usangu kutokana na kazi za mtafiti Bruce Lankford. Ni ubao mrefu wa mbao uliolazwa kwa mteremko. Katikati umechongwa mto, pembeni mashimo madogo ndiyo mashamba. Wachezaji wanakaa kuanzia juu hadi chini, kila mmoja na vijiti vyake vya kuziba. Kisha gololi zinamwagwa kutoka juu. Zilishuka kwa kelele, tak tak tak, na wa juu wakazinyaka zote kwa vijiti. Wa chini tulibaki tumenyoosha mikono juu ya mashimo matupu. Tukacheka. Raundi ya pili watu waliacha kucheka wakaanza kugombana kwa majina ya mifereji yao halisi. Raundi ya tatu mzee mmoja, ambaye kwa kweli shamba lake liko kwenye banio la juu, alisogeza kijiti chake nusu inchi. Gololi nne zikanifikia. Wale waliokuwa kando wakapiga makofi. Sijawahi kuona mafunzo ya serikali wala ya wafadhili yaliyoingia akilini mwa watu kama ile saa moja.

Sheria ya kulibeba jambo hilo ipo. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ofisi zake ziko Iringa, inafanya kazi tangu 1993. Sera ya Maji ya 2002 ilisema maji yasimamiwe kwa mabonde. Sheria Namba 11 ya 2009 ikaweka kamati za vidakio, yaani za maeneo yanayokusanya maji ya mto, na jumuiya za watumia maji, vibali vya kutumia maji, na haki ya mazingira kubakiziwa sehemu yake kabla watu hawajagawana. Ukiisoma, ni sheria nzuri, naisema hivyo kwa dhati. Kila mmoja wetu anajua mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji ni marufuku kulima, hata asiyejua kusoma anajua. Lakini nenda ukaitazame jumuiya yenyewe. Ni wakulima wanane au kumi, wasio na mshahara, wenye muhuri, daftari na pengine pikipiki mbovu, wanaotakiwa kwenda usiku kumwambia jirani yao, tena shemeji yao, afunge lango. Wakishindwa, wanaitwa wazembe. Wakifanikiwa, hakuna anayejua, kwa sababu maji yaliyobaki mtoni hayapigwi picha.

Mwaka 2017 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua Iringa kikosi kazi cha kunusuru ikolojia ya Ruaha Mkuu. Nilifurahi, kwa sababu kilikusanya wizara ambazo kwa kawaida hazikutani: maji, kilimo, maliasili, nishati. Baada ya kiangazi kikali cha 2022 Ihefu ikarudi kwenye kila kipindi cha redio. Na palepale ile njia ya zamani ikarudi nayo. Oktoba 2022 vijiji vitano vya Mbarali na vitongoji kadhaa vikaambiwa viondoke kwa sababu ya mpaka wa hifadhi uliochorwa kwenye Tangazo la Serikali Namba 28 la 2008, ile tunayoiita hapa GN 28. Hapa Ubaruku ukitamka "GN" sokoni, watu wananyamaza. Wapo waliokwenda mahakamani. Mradi mkubwa wa utalii wa kusini uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, REGROW, ambao ndani yake ulikuwa na fedha za kuboresha usimamizi wa maji juu ya hifadhi, ulisitishiwa fedha Aprili 2024 baada ya wanavijiji kulalamika, na baadaye mwaka huo ukafutwa. Kwa hiyo hata kazi ya maji iliyokuwa humo ikaondoka na ugomvi wa mipaka. Nalitaja hili kwa uchungu. Fedha za kurekebisha malango zilikuwa zimepatikana.

Mto mkubwa kuliko wote kwenye bonde hili si wetu. Ruaha Mkuu umeshika karibu nusu ya eneo lote lakini unaleta takriban asilimia 15 tu ya maji yanayofika chini. Kilombero unaleta zaidi ya nusu. Bonde lake liliorodheshwa kuwa ardhioevu ya umuhimu wa kimataifa mwaka 2002, na nikiangalia kasi ya mashamba yanavyolisogelea, naogopa tutaanza kulizungumza siku likianza kukauka kama Ihefu, maneno yaleyale, na pengine operesheni ileile.

Kisha kuna bwawa. Kwenye korongo la Stiegler, katika Mto Rufiji, Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mitambo ikaanza kuwashwa mwaka 2024. Mashine yangu ya kukoboa inatumia umeme, na nisingependa kurudi kwenye dizeli. Siwezi kulinung'unikia bwawa huku nikiwasha swichi. Ila namfikiria mjomba. Aprili 2024 mvua zilipopita kiasi na bwawa likajaa, maji yakafunguliwa, na Rufiji na Kibiti zikafurika hadi ndani ya nyumba. Serikali ilisema bila bwawa yangekuwa mabaya zaidi, na inawezekana kabisa. Mjomba hakubishana na hilo. Malalamiko yake yalikuwa mengine, na nilichelewa kuyaelewa. Alisema maji yalipokwenda, matope yalikuwa membamba.

Mto ukitulia nyuma ya ukuta, unaweka mzigo wake chini. Ule udongo mweusi wa mlao, uliotoka Kilombero, Luwegu na mashamba ya huku kwetu, sasa unalala kwenye sakafu ya ziwa. Maji yanayotoka ni safi zaidi, na kwa mkulima wa Rufiji usafi huo ni hasara. Mbele zaidi, kwenye delta, kuna hekta zipatazo 53,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko wote wa aina yake Afrika Mashariki, unaosimama juu ya matope hayohayo na kulea kamba na kaa wanaouzwa hadi Dar es Salaam. Delta, Mafia na Kilwa nazo ziliorodheshwa mwaka 2004, kama bonde la Kilombero kabla yake. Huko nako watu wanaambiwa wasikate mikoko kulima mpunga, na ni kweli wasikate. Lakini anayewaambia hivyo na anayeshika malango ya bwawa wako ofisi tofauti. Ningependa kuona bodi ya bonde, waendesha bwawa na wakulima wa mlao wakikaa kwenye meza moja yenye ubao wa gololi, wakapanga mwezi gani mafuriko madogo yaachiliwe, na kwa siku ngapi, na kijiji cha mwisho kiarifiwe na nani. Mabwawa mengine duniani yanaachia maji ya namna hiyo. Jambo hilo haliwezi kurudisha matope yote, ila lingerudisha kalenda.

Na kwa huku juu ningependa kitu kimoja tu kibandikwe kwenye kila ofisi ya kata, karibu na picha ya Rais: mwaka huu Ruaha ulisimama siku ngapi pale hifadhini, na mwaka jana ngapi. Vituo vya kupimia vipo, wasoma vipimo wanakwenda mtoni asubuhi na jioni na daftari. Tumehesabu sana ng'ombe walioondolewa na kaya zilizohama. Namba ile ya siku ndiyo iliyoahidiwa mwaka 2001.

Mwezi uliopita nilimpigia mjomba. Nilimwamkia, akaitikia. Nikawa tayari na jibu langu: mvua bado, mawingu yapo upande wa Kimani, wakulima wanaandaa vitalu. Sikulitumia. Aliuliza habari za watoto kwanza, wote, mmoja mmoja kwa jina, akauliza bei ya mchele, kisha akasema:

"Hebu niulizie mtu anayejua. Bwawa limefika wapi?"

Nikamwambia nitauliza. Sijampata wa kumuuliza.